Mwavuli Mweupe na Kiroba cha Mchanga

Kila Jumamosi asubuhi, kabla maduka ya Misigiri hayajafunguliwa, Dorika alikuwa ameshamaliza kufagia studio ya mama yake. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara kuu. Ndani mlikuwa na pazia la buluu ukutani, kigoda, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho. Dorika alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na kazi yake aliijua. Aliwanyooshea wateja kola na kuwaambia wainue kidevu. Picha ikishapigwa, mama yake, Bi Sara, alimgeuzia kamera na kumwuliza, "Unaonaje?" Dorika alilipenda swali hilo kuliko chai ya maziwa.

Shida ilikuwa flashi. Ile iliyokuwa ndani ya kamera ilimpiga mtu moja kwa moja usoni. Paji la uso lilimeremeta kama limepakwa mafuta ya alizeti, na kivuli cheusi kikasimama paziani nyuma ya kichwa. Yeremia, dereva wa bodaboda, alikataa kabisa kuzichukua picha zake. Alisema uso wake anaujua, na ule haukuwa wake.

Mwezi wa nane Mwalimu Leonard, aliyekuwa mwalimu wa darasa la saba, alileta habari. Shule ilitaka Bi Sara apige picha za mahafali, kila mhitimu apate yake akiwa ameshika cheti. Miaka yote walikuwa wakimwita mpiga picha kutoka Singida mjini. Picha zikitoka vizuri, alisema mwalimu, kazi hiyo itakuwa ya Bi Sara kila mwaka. Zikitoka kama za Yeremia, watarudi kwa yule wa mjini. Bi Sara alicheka, lakini jioni ile ile aliamua kununua flashi.

Muuza vifaa wa mjini alimtumia picha mbili kwenye simu. Moja ilikuwa flashi kubwa ya kampuni yenye jina, ina kioo cha namba na vitufe vingi, na inajipimia mwanga yenyewe. Nyingine ilikuwa flashi ndogo ya kurekebisha kwa mkono, jina lake halijulikani na mtu. Hiyo ndogo, hata hivyo, iliuzwa pamoja na stendi ya miguu mitatu, mwavuli mweupe, na rimoti ya kuifyatulia ikiwa mbali na kamera. Bei zilikaribiana, na akiba ya Bi Sara ilitosha kununua moja tu.

Dorika hakuhitaji hata dakika moja ya kufikiri. Alichagua kubwa. Alisema mteja akiiona tu atajua amefika kwa mpiga picha wa kweli.

"Na huo mwavuli wa nini, mama, wakati mvua yenyewe hakuna?" aliuliza.

Wakati huo Eliza aliingia na sahani ya vitunguu. Eliza alisoma darasa moja na Dorika. Aliishi na bibi yake ng'ambo ya barabara, na bibi huyo aliuza vitunguu mezani kando ya lami. Eliza alimwamkia Bi Sara, akaweka sahani chini, kisha akaitazama simu. Akauliza kama mwanga wa flashi unapita kwenye kile kitambaa cheupe cha mwavuli. Bi Sara akamwambia ndiyo, unapita.

"Basi ni kama kwa bibi," Eliza alisema. "Juu ya meza tumeshona viroba vyeupe vya salfeti. Jua likipita pale linakuwa pole. Ukisimama chini yake uso hauna vivuli. Ukitoka nje hatua moja, macho yanakuwa mashimo."

Bi Sara aliinuka. Alichukua kamera, akavuka barabara, akampiga bibi picha mbili, moja chini ya viroba na nyingine juani. Katika ya kwanza bibi alionekana kama siku aliyolala vizuri. Ya pili aliitazama mwenyewe mara moja tu, akawaomba wakaitupe. Bi Sara akawaeleza watoto kwamba mwanga ukitoka kwenye kitu kidogo huwa mkali, na ukipita kwenye kitambaa kipana hutawanyika na kulainika. Flashi kubwa bila mwavuli ingempa picha zile zile za Yeremia.

"Eliza, wewe ni fundi wa mwanga," alisema, akaagiza ile ndogo.

Hakumgeukia Dorika kumwuliza anaonaje. Alisahau tu, kama mtu yeyote mwenye furaha anavyoweza kusahau. Dorika yeye hakusahau. Usiku alilala akiwa ameugeukia ukuta kwa wivu.

Vifaa vilipofika mambo yalizidi. Siku ya kwanza ya majaribio upepo uliingia mlangoni, ukausukuma mwavuli, na stendi ikayumba. Nani asiyeujua upepo wa Singida mwezi wa tisa? Eliza akatoka mbio, akarudi na kiroba kidogo alichokijaza mchanga, akakifunga kwenye mguu wa stendi kwa kamba ya katani, mafundo mawili. Stendi ikatulia. Bi Sara akamkabidhi kazi ya mwavuli, na Dorika akapewa daftari la kuita majina.

Dorika alianza kuhesabu. Alhamisi mama yake alimtaja Eliza mara kumi na moja. Ijumaa, mara kumi na tisa. Kila alipolisikia jina hilo aliona kama mtu anampunguzia nafasi kwenye benchi. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba mama yake amepata mtoto mwingine wa kumwuliza, "Unaonaje?" Angemwambia mama jambo hilo, huenda wangelicheka na likaisha. Lakini wivu haupendi kusemwa, hupenda kufugwa.

Siku ya mahafali walitundika pazia la buluu kwenye ukuta wa darasa, upande wenye kivuli. Eliza alisimamisha stendi, akafungua mwavuli, akafunga kiroba chake. Wahitimu ishirini wa kwanza walipigwa picha, na kila aliyejiona kwenye kamera aliondoka akitabasamu. Kisha kengele ikagongwa, watu wote wakaitwa kusikiliza risala. Bi Sara akaenda na kamera yake kupiga picha za wageni. Eliza akaenda kuchota maji ya kunywa. Dorika akabaki peke yake na stendi.

Alijiambia hataki kitu kivunjike. Alitaka mwavuli uyumbe kidogo tu, mama aone kwamba huyo fundi wa mwanga si fundi wa chochote. Akafungua fundo la kwanza, akafungua na la pili. Akakisukuma kiroba chini ya dawati bovu lililokuwa pale, akakaa juu ya dawati na daftari lake mapajani.

Eliza alirudi na ndoo ya maji, na Bi Sara alikuwa nyuma yake. Hawajafika, upepo ulivuma kutoka upande wa uwanja. Haukuwa mkubwa kuliko wa siku zote. Mwavuli ulijaa upepo, stendi ikainuka mguu mmoja, halafu vyote vikaanguka juu ya zege. Vijiti viwili vya mwavuli vilivunjika, kitambaa kikachanika, na kitako cha flashi kikakatika.

Bi Sara aliokota flashi kwa mikono miwili. Aliijaribu, ikawaka, lakini haikuweza tena kukaa kwenye stendi. Wahitimu arobaini na wawili walikuwa bado.

"Eliza, kiroba kiko wapi?" aliuliza.

"Nilikifunga, Mama Dorika. Nilifunga mafundo mawili."

"Ungekifunga kingekuwepo." Alisema kwa hasira na hofu. "Nenda nyumbani, mwanangu. Nenda tu."

Eliza alimtazama Dorika mara moja, akaweka ndoo chini, akaondoka bila kukimbia.

Bi Sara alikaa kwenye kigoda. Akamgeukia binti yake na kusema, "Unaonaje, Dorika? Tufanyeje?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akililia wiki nzima. Sasa alilipata, tena akiwa peke yake mbele ya mama, na halikuwa na utamu wowote. Alisema wajaribu kwa flashi ya kamera. Mhitimu mmoja, Benjamin, akasimama na cheti chake. Picha ikatoka na paji linalometameta na kivuli cheusi nyuma ya kichwa. Benjamin aliitazama kwa muda. Akauliza kwa adabu kama anaweza kusubiri mpaka mwavuli utengenezwe, kwa sababu mama yake amesema picha hii itawekwa sebuleni.

Bi Sara alikuwa akifuta kamera kwa upande wa khanga, mahali pale pale, tena na tena. Dorika aliona hivyo, akashindwa kukaa.

"Mama, Eliza alikifunga," alisema. "Mimi ndiye niliyekifungua."

Akainama, akakivuta kiroba kutoka chini ya dawati. Kamba ilikuwa nzima, haikukatika popote. Bi Sara aliishika, akaitazama kamba, akamtazama na mtoto. Hakumpiga wala hakupaza sauti, na Dorika alitamani angefanya lolote kati ya hayo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bi Sara alisema polepole. "Nenda kwa Eliza. Uliyoniambia mimi ukamwambie yeye, na bibi yake asikie."

Mwalimu Leonard alipoambiwa kuna tatizo alikubali kuongeza nyimbo mbili na maigizo. Dorika alikimbia mpaka barabarani. Alipoiona meza ya vitunguu akapunguza mwendo. Alimwamkia bibi shikamoo, bibi akaitikia marahaba, kisha akasubiri. Eliza alikuwa amekaa nyuma ya meza akichambua vitunguu, hakuinua macho.

Dorika alisema yote. Alisema kuhusu mafundo mawili, kuhusu dawati, na kuhusu kuhesabu majina. Alisema alimwonea wivu, na neno hilo lilikuwa gumu kulitoa kuliko mengine yote.

"Nilijua ni wewe," Eliza alisema.

"Kwa nini hukusema?"

"Yule ni mama yako. Angekuamini wewe."

Dorika alilia pale pale, mbele ya wanunuzi. Bibi alimwacha alie kidogo, kisha akamuuliza kuhusu picha za watoto wa watu. Dorika akaeleza kwamba flashi inawaka ila mwavuli umekufa. Eliza akaendelea kuchambua. Ni wazi hakutaka kurudi, na nani angemlaumu? Mwishowe akainua macho, akavitazama viroba vyeupe vilivyokuwa juu ya vichwa vyao.

Bibi aliyafuata macho ya mjukuu wake. "Vifungueni," alisema. "Vitunguu nitavifunika kwa khanga yangu. Hawa watoto wanamaliza shule mara moja tu."

Mchana ule hakuna aliyetumia mwavuli. Bi Sara alimwomba Eliza msamaha mbele ya Mwalimu Leonard na wahitimu wote, kisha kazi ikaanza. Eliza na Benjamin walivishika viroba vikiwa vimenyooka kama shuka linaloanikwa. Dorika alisimama nyuma yao juu ya kigoda, ameishika flashi kwa mikono, akifuata maelekezo ya Eliza, juu kidogo, kushoto kidogo. Mikono ilimuuma mpaka mabegani. Wahitimu wote arobaini na wawili walipigwa picha, na viroba vilivyonukia vitunguu viliwapa nyuso laini kama za wale ishirini wa kwanza. Mwalimu Leonard alizitazama kwenye kamera, akasema hatampigia tena simu mtu wa mjini.

Jioni, walipokuwa wakivirudisha viroba juu ya meza ya bibi, Bi Sara alimshika Dorika bega.

"Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani," alimwambia. "Eliza hakukunyang'anya kitu. Aliona jambo, akalisema, basi. Wewe ndiye uliyenyang'anya. Ulichukua kiroba chake, ukachukua na jina lake zuri. Kiroba umekirudisha kwa mkono, lakini jina hukuweza kulirudisha ila kwa kusema kweli mbele ya watu. Hilo umelifanya, nami nimeliona. Na mimi nilikosa, nilihukumu kabla sijauliza. Ukisikia wivu tena, njoo uniambie kabla haujakua. Ukikua haushikiki."

Bi Sara alinunua mwavuli mwingine mweupe, na kazi ya kufunga kiroba cha mchanga akampa Dorika. Dorika alijifunza mafundo mawili kutoka kwa Eliza. Lakini kila alipofunga, mama yake alikuja nyuma yake, akainama, akaivuta kamba kuhakikisha. Alifanya hivyo kwenye harusi ya mwezi wa kumi, akafanya hivyo kwenye ubatizo wa mwezi wa kumi na moja. Dorika hakunung'unika. Alijua anayekaguliwa pale si kamba.

Siku ya pili ya Krismasi walikwenda Kinampanda kupiga picha za kipaimara. Upepo ulikuwa unavuma. Eliza alifungua mwavuli, Dorika akafunga kiroba, fundo la kwanza, fundo la pili, akasogea pembeni ampishe mama yake aje kukagua.

Bi Sara alipita karibu na stendi, akainua kamera, akamwita mtoto wa kwanza. Hakuinama.