Chombo cha Anga cha Darasa la Sita

Kila alasiri, masomo yakiisha, wanafunzi wa darasa la sita wa shule moja ya Kisangani, karibu na maporomoko ya mto, walifanya mazoezi ya mchezo wao wa kuigiza. Ulihusu safari ya kwenda sayari ya mbali. Angélique, binti wa mvuvi, alikuwa nahodha, na rafiki yake Jeancy alikuwa fundi. Chombo chao cha anga kilikuwa mgono wa Papa Zéphirin, baba yake Angélique: mtego wa samaki uliosukwa kwa fito, mkubwa kuliko mlango, ambao waliuvisha karatasi za kung'aa.

Tatizo ni kwamba watoto wote pale walikuwa wamezoea kuiona migono. Siku ya jaribio, nahodha alipotangaza kwamba wanapaa, mtoto mmoja aliuliza kama wanakwenda kuvua samaki mwezini. Uwanja mzima uliangua kicheko. Jeancy naye alicheka, akaupiga mgono teke. Mwalimu Marthe aliwaonya kwamba Jumamosi atawatazama tena. Wakichekwa tena, sikukuu ya kufunga mwaka itakuwa na nyimbo tu. Angélique aliumia sana, maana aliupenda mchezo ule kuliko kitu chochote.

Alikwenda na Jeancy kwa Tonton Bavon, mjomba wake, mpenzi wa tamthilia za zamani za safari za anga, kumwomba mabati na taa za kutengenezea chombo kipya. Tonton aliwaketisha mbele ya televisheni. Waliona nahodha mmoja akimuaga rafiki yake aliyebaki kwenye chombo kinachoungua. Jeancy alijifuta machozi, akasingizia vumbi. Hapo tonton akaisimamisha picha.

“Bon, muangalie ule ukuta,” alisema. “Iko karton tu. Muliiona?”

Hawakuwa wameiona.

“Hamukuiona sababu ule mutu haicheke karton yake. Analia kabisa. Alors, ninyi munataka batu waamini kitu chenye ninyi wenyewe munapiga teke?”

Jeancy aliinamisha kichwa kwa aibu.

Kesho yake Angélique alimwomba baba yake awapandishe mtumbwini, awaonyeshe mwili unavyosimama maji yanapovuta kwa nguvu. Papa aliwafundisha kukunja magoti na kutazama mbele, si mikononi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Jeancy aliinama siku nne mpaka magoti yakamuuma.

Jumamosi kicheko kilianza, lakini Jeancy hakugeuka. Ndani ya mgono uleule alikuwa ameshikilia usukani usiokuwepo, jasho likimtoka, na wenye kucheka wakanyamaza wenyewe. Mwalimu Marthe aliwapa ruhusa.

Siku ya sikukuu wazazi walijaa. Nahodha alipoamuru watu wajishike, watoto wa mbele walishika benchi. Ghafla Papa Zéphirin alisimama, akampigia Jeancy kelele akunje magoti. Makofi ya mwisho yalichukua muda mrefu, na Angélique alilia kwa furaha.

Mwalimu Marthe aliwaambia wanafunzi wote wakumbuke siku hiyo: anayefanya kazi yake kwa moyo wote, hata kwa vifaa vya kuokoteza, wenzake watamwamini. Kisha akamtania Papa Zéphirin kwa zile kelele.

“Madame, ile kitunga ya samaki nilisuka na mikono yangu,” alijibu mvuvi. “Lakini leo niliogopa itaanguka na mutoto wangu.”