Kicheko Nyuma ya Kamera

"Masunga, huyu anayecheka ni nani?"

Otilia hakukaa. Alisimama mlangoni akiwa bado na koti la baridi, mkono umenyooka, simu imemtazama Masunga usoni. Masunga alikuwa mezani kwake akichora, penseli mkononi, karatasi zimetapakaa hadi kitandani.

"Anayecheka wapi?"

"Tazama kwanza. Usiulize."

Akatazama. Kwenye ile video, Mama Klementina, mama yake Otilia, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, ameshika simu kubwa kwa mikono miwili. Sauti ya mwanamume ikasema: "Haya mama, tafuta bei ya maharage." Mama akaiangalia simu, akasafisha koo, akagonga kioo kwa kidole.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Nyuma ya kamera mtu akapasuka kicheko. Alijaribu kukizuia, hakuweza, mpaka picha yenyewe ikatikisika.

"Nimekuuliza," Otilia akasema.

"Ni mimi. Lakini Oti, hiyo ilikuwa ya kazi. Niliituma ofisini Dar, basi. Kuna jamaa pale anaitwa Basil, hana adabu hata kidogo. Lazima ni yeye ameisambaza."

"Basil."

"Ndiyo. Basil."

"Niangalie, Masunga. Hujamtumia mtu mwingine yeyote?"

"Haki ya Mungu, sijamtumia mtu."

Otilia akaishusha simu. Machozi yakamlengalenga, lakini bega lake likashuka kidogo, kama mtu aliyetaka sana kuamini.

"Leo mama ameenda sokoni na maharage yake. Wapagazi wakaanza, 'Hodi simu! Hodi simu!' Wauza mitumba wakadakia. Soko zima likacheka. Mama yangu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, ameacha debe la maharage palepale akarudi nyumbani kwa miguu. Sasa amejifungia. Anasema uenyekiti hautaki tena."

"Mungu wangu. Nitamshughulikia huyo Basil, Oti. Nakuahidi."

"Mshughulikie," Otilia akasema, akaondoka.

Masunga alizaliwa Milepa, bondeni, katika familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao miaka mingi nyuma. Alisoma, akafika chuo, akapata kazi ambayo baba yake alishindwa kabisa kuwaeleza majirani. "Anachora simu," mzee alikuwa akisema, akaishia hapo. Na hakukosea sana. Masunga alikuwa anabuni jinsi programu za simu zinavyoonekana na zinavyotumika: kitufe kikae wapi, neno gani liandikwe, mtu akibonyeza hapa apelekwe wapi.

Kampuni yake ilimpangia chumba Sumbawanga, mtaa wa Chanji, kwa kazi moja. Tangu ushirika ulegee na wanunuzi binafsi waanze kupanda Ufipa na malori yao ya Fuso, kila mmoja alikuja na bei yake mdomoni, na mkulima asiyejua bei ya jirani aliuza kwa hasara. Kampuni ilitaka mkulima azione bei zote kwenye simu kabla hajafungua gunia. Basi asubuhi Masunga alipanda pikipiki, upepo wa baridi ukimchapa kifua, akaenda kijijini. Alimpa mtu simu, akamwambia atafute bei ya mahindi, halafu akanyamaza na kutazama. Kidole kilipositasita, hapo Masunga alijua amekosea. Jioni alifuta, akachora upya.

Na Masunga alimwambia kila mtu maneno yaleyale kabla ya kuwasha kamera: "Hapa hatukupimi wewe, tunaipima simu. Ukikosea, nimekosea mimi."

Otilia alikuwa mkatisha tiketi katika ofisi moja ya mabasi, pale stendi. Walifahamiana Masunga alipoenda kupokea mzigo wa simu za majaribio. Baadaye siku zake za mapumziko Otilia alipanda nyuma ya pikipiki, wakaenda vijijini pamoja, akawa anamtafsiria wazee waliozungumza Kifipa. Wazee walimpenda. Masunga akampenda zaidi.

Posa ilipopelekwa, mjomba wake Otilia, Kornel, aliinuka kwenye kiti.

"Msukuma? Ng'ombe wao wamekula mahindi yangu, sasa wale na mpwa wangu?"

Mama Klementina ndiye aliyejibu.

"Kornel, kijana huyu ananisalimia kwa kupiga goti. Wanao wewe hawanisalimii hata wakiwa wamesimama. Posa nimeipokea."

Hivyo ndivyo Masunga alivyoingia katika nyumba ile. Na ndiyo maana, alipohitaji mtu wa kumrekodi akitumia programu, alienda kwa Mama Klementina bila wasiwasi.

"Hii picha wataiona wenzangu wa kazini tu, mama. Haitoki nje."

"Mimi nina shaka gani na wewe, mwanangu? Washa."

Kesho yake baada ya Otilia kumwonyesha video, pale stendi, basi la Mbeya lilikuwa limeshaondoka na ofisi ilikuwa kimya. Otilia alikuwa akilalamika peke yake huku akipanga tiketi.

"Huyo Basil, Mungu atamlipa. Hata hanijui, hamjui mama yangu. Kosa letu nini?"

Faruk, mtoto wa mwenye mabasi, aliyesoma darasa moja na Masunga, alikuwa mlangoni. Akaingia ndani.

"Dada Otilia, mimi sipendi kuvunja nyumba ya mtu."

"Nyumba ya nani?"

"Lakini siwezi kukusikiliza unamlaani mtu ambaye hayumo."

Akafungua simu yake. Lilikuwa grupu la WhatsApp la waliosoma pamoja sekondari. Video ilikuwa pale, na juu yake jina la aliyeituma. Chini yake Masunga alikuwa ameandika: "Oyaa washikaji, mcheki mama mkwe wangu anavyopiga hodi kwenye simu. Kazi tunayo!"

Otilia alisoma. Akarudia.

"Mkajibu nini?"

"Tulicheka. Na mimi nilicheka, kabla sijasoma maneno yale na kujua ni mama yako. Nisamehe, dada."

"Niazime simu yako, Faruk. Kidogo tu."

Kisha akachukua yake, akaandika: "Njoo stendi. Sasa hivi."

Masunga alifika akihema, kofia ya pikipiki bado kichwani. Otilia alikuwa ndani ya dirisha la tiketi, yeye akabaki nje kama abiria.

"Vipi mama?"

"Vilevile. Masunga, nakuuliza kwa mara ya mwisho, na nakuomba unijibu polepole. Nani aliitoa ile video?"

"Si nimekwambia, Oti? Basil. Tena nimempigia leo asubuhi."

"Umempigia."

"Nimemfokea sana. Amekiri. Amesema, 'Kaka, nisamehe, shetani alinipitia.' Ameomba nimfikishie mama samahani zake."

Otilia akafumba macho.

"Amekiri kabisa?"

"Kabisa. Karibu alie."

Otilia akaisukuma simu ya Faruk chini ya kioo, pale zinapopitia tiketi. Masunga akaona jina lake mwenyewe. Alivua kofia taratibu, akakosa pa kuiweka.

"Oti..."

"Mama mkwe wangu. Umeandika 'mama mkwe wangu', Masunga. Ulitaka wajue kabisa ni nani."

"Ulikuwa utani wa washikaji. Sikujua ingefika mbali. Nilipokuona umesimama pale mlangoni niliogopa kukupoteza."

"Ondoka dirishani, kuna watu wanataka tiketi."

Hapakuwa na mtu nyuma yake. Aliondoka hivyohivyo.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe: "Oti nimekosa. Nipe nafasi niongee." Alama mbili za buluu zikatokea, jibu halikuja. Akatuma mwingine, na mwingine. Wiki hiyohiyo mjomba Kornel aliirudisha posa kwa mikono yake mwenyewe, kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

"Nilisema mimi," akamwambia Masunga mlangoni. "Wakanicheka."



Kazi iliendelea kwa jina tu. Alienda vijijini, akawasha kamera, akafikia yale maneno yake, "ukikosea, nimekosea mimi", akayaruka. Mwishowe alipakia pikipiki akaenda kwa Mama Klementina. Alimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Akapiga magoti mbali kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Hilo ndilo lililomvunja. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Alilia pale chini kama mtoto, na mama akaendelea kuchambua mpaka kilio kikaisha.

"Mama, hakuna Basil. Ni mimi niliyeituma."

"Najua."

"Otilia amekwambia?"

"Ameniambia. Lakini kicheko chako nilikisikia siku ileile, sina ukiziwi. Nikasema acha kijana acheke, nami nikatabasamu. Uliniambia humo ndani wamo wanunuzi na bei zao. Mtu anaingiaje kwa watu bila hodi? Kucheka kwako hakukuniuma, Masunga. Ila ulinishukuru, ukaniaga vizuri, halafu ukaenda kunitembeza kwa watu nisiowajua."

"Nifanye nini, mama?"

"Ulinivua nguo mbele za watu. Uwatafute walewale, unifunike mbele yao."

Masunga alianza na lile grupu. Aliandika kwamba amemkosea mama wa watu, kwamba alimwahidi video haitatoka na akaitoa mwenyewe, akawaomba waliyemtumia yeyote wamwambie hivyo. Wengine walimtania. Faruk peke yake alijibu: "Umefanya la kiume." Kisha akampigia Basil wa Dar, ambaye hakuwa na habari yoyote, akashangaa kuombwa msamaha. Akaenda sokoni, akawakuta wale wapagazi, akawaambia, "Mwenye kosa ni mimi, nichekeni mimi." Wakamcheka kweli.

Jumapili, akina mama wa kikundi walipokutana kwenye uwanja wa kanisa baada ya misa, Masunga alisimama mbele yao. Mama Klementina alikuwa amekaa nyuma kabisa, mtandio umemfunika nusu ya uso.

"Mama zangu, mimi ndiye mwenye ile video. Mama huyu alinifungulia nyumba yake, alinitetea mbele ya ukoo wake. Mimi nikamfanya kichekesho. Programu ile niliichora mimi. Kama ilimshinda, mjinga ni mchoraji. Naomba radhi kwake, na kwenu, maana mliaibika naye."

Cornelia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, akainuka.

"Kijana, umesema. Kaa chini. Jamani, mimi nasema mwenyekiti wetu arudi kwenye kiti chake. Au kuna mwingine anakitaka?"

"Hakuna!"

"Klementina, njoo mbele bwana, jua linatuchoma."

Mama akaja mbele, mtandio umeshuka mabegani. Akina mama wakapiga vigelegele. Masunga akainua macho, akamwona Otilia amesimama kando ya ukuta wa kanisa, analia.

Akamfuata.

"Oti."

"Nimesikia. Umesema vizuri sana. Asante kwa ajili ya mama."

"Basi turudiane. Tuanze upya, hata polepole."

Otilia akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Mama amekusamehe kosa lake. La kwangu ni jingine, Masunga. Ulivyonidanganya mara ya kwanza, nasema uliogopa. Mtu huogopa. Lakini ya pili ulikaa ukaitunga. Ukamliza mtu wa watu, ukampa maneno, 'shetani alinipitia', ukanitazama machoni huku nimekuomba unijibu polepole. Kesho ukichelewa kurudi nikakuuliza umetoka wapi, nitakuwa nasikiliza nini?"

"Sitarudia."

"Pengine. Ila mimi nitakuwa nasubiri urudie kila siku. Sitaki kuishi hivyo. Sitaki na wewe uishi hivyo."

"Unanipenda lakini?"

Otilia aligeuza uso.

"Usiniulize hilo hapa kanisani," akasema, akarudi kwa mama yake.

Programu ikakamilika, wakulima wakaanza kuitumia. Kampuni ikamsifu Masunga, ikamwongezea eneo la kazi, bonde lote la Rukwa. Akina Faruk walifungua ofisi ya tiketi Matai, wakampeleka Otilia kuisimamia. Masunga alipata habari hizo kwa watu. Mara mbili tatu alianza kuandika ujumbe, akaufuta.

Mavuno yaliyofuata yalimkuta Milepa, uani kwa mfugaji mmoja, mzee Ngeleja, akimwonyesha programu mpya ya bei za mifugo. Simu yake ikaita. Jina lilikuwa bado limeandikwa kama zamani: Oti Wangu.

"Samahani mzee, naomba nipokee hii."

"Pokea, kijana."

"Haloo?"

"Masunga, habari za siku?"

"Nzuri tu. Wewe?"

"Niko salama. Nimekupigia mwenyewe, sikutaka ulisikie barabarani. Naolewa."

Ng'ombe walikuwa wakirudi kutoka kunywa maji. Masunga akasubiri wapite.

"Na nani?"

"Mwalimu wa huku Matai. Humjui. Ni mtu mtaratibu."

"Hongera, Oti. Hongera sana."

"Asante. Mama anakusalimia. Anasema usije ukapita kijijini bila kuingia kula."

"Mwambie nimezipokea salamu zake."

"Nitamwambia."

Hakukata. Masunga alisikia pumzi yake, na kwa mbali honi ya basi.

"Masunga, una neno?"

Alikuwa nayo mengi. Alikuwa amekaa nayo tangu siku ile kanisani, akiyapanga na kuyapangua, na yote yalikuwa ya kweli.

"Sina," akasema. "Mungu awabariki."

"Haya. Kwaheri."

Masunga alibaki ameishika simu mpaka kioo kikazima. Mzee Ngeleja alimtazama, akaiweka simu ya majaribio juu ya goti lake, akavuta kigoda karibu.

"Pole, kijana. Msiba?"

"Hapana, mzee," Masunga akasema. "Ni harusi."