Koti Nililomvua Mlinzi

"Vua koti hilo."

Mlinzi wa geti alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya.

"Shikamoo, mzee. Karibu ndani. Wenzako wameshaanza kufika."

"Sikuja kusalimiwa. Nimesema, vua."

Ndugu zangu mnaosoma, nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Koti lile la kijivu nililijua kuliko nilivyoijua sura ya aliyelivaa. Nililikata kwa mkono wangu. Nililishona kwa wiki tatu. Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimempelekea mwanangu wa pekee, liwe zawadi yake ya mwisho wa mwaka.

Siku hiyo nimekuja kula naye chakula cha sikukuu... nalikuta getini, mgongoni mwa mlinzi.

"Hili nimepewa, mzee."

"Kila mwizi amepewa."

Nilimshika kola, nikaigeuza. Chini yake ilikuwapo mishono mitatu ya uzi mwekundu. Hiyo ndiyo alama yangu, miaka arobaini na miwili sasa, na hakuna fundi mwingine anayeiweka mahali hapo.

"Unauona uzi huu? Umeiba kwa mtu usiyemjua."

Nyuma yangu lilikuwa limesimama gari likingoja kufunguliwa geti. Ndani walikuwamo wakwe wa mwanangu, vioo vimeshushwa. Barazani, wageni kama kumi walikuwa wameacha kuzungumza.

Mlinzi hakubishana. Ni mwanamume mwembamba, mtu mzima mwenye mvi chache juu ya masikio. Alifungua vifungo kimoja kimoja. Ndani alikuwa na fulana iliyotoboka begani.

Akalikunja koti, bitana nje, jinsi koti jema linavyostahili kukunjwa. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Chukua, mzee. Mimi nina kazi ya kufungua geti."

Akalifungulia gari. Hakunitazama tena.

Sasa niwaeleze mimi ni nani.

Mtaani wananiita Mzee Rula, na sijawahi kukasirika. Ushonaji nilifundishwa misheni, na walimu ambao mshono ukipinda hata kidogo waliufumua mbele ya darasa zima, nawe umesimama hapo hapo. Sikulia. Nilinyoosha mshono.

Kila mteja wangu ana kadi ya vipimo. Kadi ya mwanangu hukaa ya kwanza kwenye sanduku langu.

Miaka kumi na moja mfululizo, kila mwaka ukielekea kwisha, nimemshonea koti. Na kila mwaka yeye, mwenye kiwanda chake cha mikate, hulipokea kwa namna moja.

"Asante, Baba."

Kisha hulitupia mabegani bila kuingiza mikono, tunapigwa picha, imekwisha. Nilidhani ni mitindo ya hawa wa siku hizi. Baadaye nikaamua kwamba ni dharau.

Kwa hiyo siku ile sikuingia nyumbani kwake kama mgeni. Niliingia na koti mkononi na uamuzi moyoni. Ningemwambia mbele ya wakwe zake kwamba asiniite baba tena. Maneno nilikuwa nimeshayapanga tangu getini, na mnaonifahamu mnajua kwamba nikitamka sirudi nyuma.

Alikuja kunipokea mlangoni.

"Baba, karibu. Mbona umebeba..."

"Hili ni nini?"

Akalitazama koti.

"Nimekuuliza. Ulimpa, au alikuibia?"

"Nilimpa. Juzi mvua ilimnyeshea asubuhi nzima, hana hata sweta."

"Kwa hiyo kazi ya baba yako ni ya kukingia mvua getini."

"Baba, twende chumbani tuongee."

"Tutaongea hapa hapa. Mlinzi wako nimemvua hadharani, nawe utajibu hadharani."

Uso wake ulibadilika. "Umemvua?"

Mkewe alikuja na bilauri kwenye sinia. "Baba, kaa kwanza. Kunywa maji."

"Maji ya nyumba hii siyanywi."

Sinia likabaki hewani. Mama mkwe wake mwanangu akajifanya anatazama pazia.

"Yale mengine kumi," nikaendelea, "uligawia akina nani? Wazoa taka? Au unafutia matanuri yako?"

Mwanangu aliugeukia mlango wa chumba chake. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kutamka lile nililolijia.

"Njoo uone kwanza," akasema. "Ukishaona, sema unachotaka."

Akatangulia. Nikamfuata hadi chumbani kwake, na wageni wakatufuata hadi ukumbini, kwa maana hakuna aliyetaka kupitwa. Akafungua kabati.

Makoti kumi.

Kila moja ndani ya mfuko wake wa kitambaa, yamepangwa kwa miaka. Halikukosekana hata moja. Hayakuwa na vumbi wala tundu la nondo.

Mngedhani nilifurahi. Nilizidi kukasirika.

"Basi kwa nini huvai?"

Alichukua lile la buluu la mwaka jana, akaingiza mkono wa kulia. Pindo la mkono likaishia juu kabisa ya kifundo. Mkono wa kushoto haukuingia mpaka mkewe alipomsaidia kuvuta. Alipojaribu kufunga kifungo, kati ya pande mbili ulibaki upana wa kiganja.

Kisha nyuma, chini ya kwapa, ikasikika ile sauti ambayo fundi yeyote akiisikia hushtuka... uzi unakatika.

"Sasa umeona kwa nini huwa nayatupia mabegani?"

"Umenenepa," nikasema.

"Hata mwaka wa kwanza ulisema hivyo hivyo. Nilikwambia linabana. Ukanijibu koti halina kosa, kosa ni la mwili wangu. Nikaona yaishe. Nikawa nayatunza."

"Vipimo vyako ninavyo. Viko kwenye kadi."

"Kadi ya lini, Baba?"

Niliikumbuka kadi ile. Pembe zake zimegeuka rangi ya chai. Niliiandika juma lile alilokuwa anafunga sanduku lake kwenda chuoni.

"Ya lini?"

"Ya ulipokuwa na miaka kumi na tisa."

"Nina thelathini na minane."

Ukumbini mtu mmoja alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

Ndugu zangu, mteja wangu yeyote akija humpima upya, hata kama alikuja mwezi uliopita. Wanafunzi wangu nimewafukuza kwa kukata kitambaa kwa vipimo vya zamani. Mwanangu tu ndiye sikumpima. Nilidhani ninamjua.

Sikupewa nafasi ya kupumua. Mke wa mwanangu aliweka sinia lake kitandani.

"Na mimi naomba kuuliza, Baba. Ile redio tuliyokuletea mwaka jana iko wapi?"

"Redio gani?"

"Nyeusi. Yenye vitufe vikubwa. Tulizunguka maduka siku mbili kuitafuta, kwa sababu ya macho yako."

"Nilimpa mama anayefagia karakana yangu."

"Kwa nini?"

"Sikuiomba."

Aliligeukia lile koti la kijivu lililokuwa bado mkononi mwangu, akalitazama, akanitazama mimi.

Msidhani kwamba mtu akijua amekosa hasira humwisha. Mimi yangu ilipanda. Ila sasa haikuwa na mahali pa kwenda.

"Vua koti hilo," nikamwambia mwanangu. "Utalichana."

Akavua. Nikatoa tepu yangu mfukoni, kwa maana mimi sitoki nyumbani bila tepu.

"Simama wima."

"Baba, chakula kinapoa. Wageni..."

"Wageni wameshashiba maneno. Inua mikono."

Kumpima mtu kifua ni lazima umzungushie mikono yako yote miwili, kichwa chako kiwe karibu na bega lake. Sikuwa nimemsogelea mwanangu kiasi kile tangu siku tulipomzika mama yake. Mgongo wake ulikuwa mpana kama wa mtu nisiyemfahamu. Alinukia hamira.

"Usivute tumbo."

"Sijavuta."

"Umevuta."

Akapumua. Tepu ikasogea vidole viwili. Nikazitaja namba, mkewe akaziandika nyuma ya bahasha.

"Koti la rangi gani?" nikauliza.

Akasita. "Ukiniuliza kweli, Baba... mimi koti silihitaji. Kutwa niko mbele ya matanuri. Naloa jasho. Shati la mikono mifupi ndilo ningelivaa kila siku."

Makoti kumi na moja, kwa mtu anayeshinda mbele ya moto. Na hakuna mwaka niliowahi kumuuliza.

"Ungesema."

"Kwa nani?"

Lile neno nililokuja kulitamka sikulitamka.

Nilitoka nje na koti la kijivu. Niliwaomba wageni wote wasimame barazani, pale pale walipokuwa nilipofika, nao wakwe wakasogea hadi kwenye gari lao. Kosa nililitenda mbele yao.

Nikamwendea mlinzi.

"Nimekuvua mbele ya watu bila haki, na nimekuita mwizi. Wewe si mwizi. Naomba radhi mbele ya watu hao hao."

"Nimekusikia, mzee."

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

"Basi vaa koti lako."

"Hapana."

Nilidhani anaona haya. "Ni lako. Ulipewa. Tena limekukaa sawasawa, nimeliona kwa macho ya kazi."

"Lilinikaa sana," akasema. "Na nililipenda, nisikufiche. Lakini nikilivaa sasa, kila anayepita hapa ataniona nikifungua vifungo. Bosi alinipa kwa roho safi. Wewe ukanivua. Sasa unanipa tena... nitajuaje lini utanivua tena?"

Alisema kwa adabu, bila kupandisha sauti. Laiti angenitukana.

"Basi nikushonee kitu kingine. Sema unachotaka."

"Acha nifikirie, mzee."

Manyunyu yalikuwa yameanza. Akasimama palepale na fulana yake iliyotoboka, nami mbele yake na koti zima mikononi, hakuna aliyelivaa.

Tangu siku ile, mashati mawili ya mikono mifupi nimeshayapeleka kiwandani, na nimeambiwa moja limeshaungua ukosi. Nimefurahi sana kusikia hivyo. Redio sikuidai irudi. Ni ya yule mama, na kila asubuhi huniwekea habari kwa sauti kubwa akiwa anafagia. Nilipowaeleza mwanangu na mkewe hivyo, mkewe alisema, "Angalau ilifika kwa mwenye masikio." Nililistahili.

Koti la kijivu limetundikwa kwenye ndoano ya kwanza karakanani kwangu. Wateja wananiuliza kama linauzwa. Nawaambia lina mwenyewe.

Kwa mlinzi nimekwenda mara tatu na tepu mfukoni. Bado anafikiria. Nami nitakwenda ya nne.

Ninyi mnaofunga zawadi zenu msimu huu, kabla hujakaza utepe, jiulize ni lini mara ya mwisho ulimtazama huyo unayempa. Kama ni zamani, mwendee kwanza. Muulize, umsikilize mpaka amalize. Na ukishampa, toa mkono wako juu ya kitu kile. Akikivaa, akikitunza, akimvika aliyenyeshewa, si chako tena.

Mimi nimeyajua haya nikiwa na miaka sabini na minne, na aliyenifundisha amebaki getini bila koti.