Geti Lililouliza Mara ya Pili

Saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la matairi kilinuka mpira mpaka kichwa kiliuma. Nyundo alikuwa amesimama. Bosi huyo hakuwahi kukaa mahali. Mbele yake Fundi alikuwa ameweka kompyuta juu ya tairi la lori.

"Sema. Kwa kifupi."

"Geti la ghala tunaloliendea leo halina kufuli, lina skrini. Dereva anaonyesha tokeni kwenye simu, ya kusema yeye ni nani. Tokeni ina saini. Geti linaingia mtandaoni, linachukua ufunguo wa umma wa kampuni, yaani namba za kuhakiki saini, linaipima saini. Ikikubali, linafunguka."

"Saini ya kampuni hatuna."

"Tuna yetu. Nimebadilisha anwani. Sasa geti linakuja kuuliza ufunguo hapa." Fundi aliigonga kompyuta. "Ni sawa na kumuuliza mwizi kama mwenzake ni mwaminifu."

Gia, dereva wa genge, alicheka. Nyundo hakucheka.

Gia alikuwa mdogo wake Fundi, tumbo moja. Mama yao alikufa akisema huyu usimwachie mkono. Gia aliapa kuwa baada ya kazi hii anaacha, na kwa kiapo hicho tu Fundi alikubali kuingia. Alitaka sana kumwamini.

"Kuna kitu kimoja, bosi. Wakati wa kutoka—"

"Nataka mlango, sitaki shule. Tuingie kwanza."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nyundo alikuwa na kipara.

Saa saba kasoro robo.

Walinzi wa ghala walikuwa wameenda kula. Gia kwenye usukani wa lori, Nyundo katikati, Fundi mlangoni, kompyuta mapajani. Tangu waondoke Gia hakuwa amemtazama kaka yake hata mara moja. Fundi alijiambia ni woga.

Gia alitoa simu dirishani. Kwenye kompyuta mstari mmoja ukaruka: geti limeuliza, limejibiwa. Likafunguka.

Bastola ikamgusa Fundi ubavuni.

"Shuka."

"Nyundo, tulikubaliana—"

"Anayeweza kunifungulia anaweza kunifungia." Aliipokonya kompyuta, akampa Gia. "Vunja."

Gia aliigonga kwenye chuma cha mlango. Mara ya pili ikapasuka.

"Samahani, kaka. Wawili tunatosha."

Iliuma. Bastola haikumuuma Fundi kama maneno yale. Alisukumwa nje, akaanguka kwenye lami, akainuka akipiga kelele, "Gia, usiingie!" Lori lilikuwa limeshaingia, na geti likajifunga nyuma yake.

Saa saba na dakika kumi.

Fundi alikuwa amevukia ng'ambo ya barabara. Angeweza kukimbia. Alibaki akilitazama geti. Simu ikaita.

"Kaka, lori limejaa. Geti linakataa tokeni."

"Linauliza ufunguo kila mara, kuingia na kutoka. Nililizuia kukumbuka chochote, tusiache alama."

"Basi lijibu!"

"Kilichokuwa kinajibu umekivunja, Gia."

 King'ora cha ghala kikalia, na nyuma yake sauti ya Nyundo: "Unaongea na nani? Ni yeye? Mmepanga haya, wewe na kaka yako!"

"Hapana, bosi! Kaka, ana bastola. Usikate simu."

Gari la polisi lilifika likafunga breki mbele ya geti. Walinzi walikuja mbio, wakaonyesha tokeni zao halali. Geti likazikataa zote.

Fundi alivuka barabara, mikono juu, simu ikiwa bado wazi kwenye kiganja.

"Nipeni kompyuta. Narudisha anwani ya zamani, geti linafunguka. Upesi, atamuua."

Askari alimkaba kola. "Wewe ni nani?"

Fundi alisikia mdogo wake akilia ndani ya simu.

"Mimi ndiye niliyelichezea geti," alisema. "Na dereva ni mdogo wangu. Nifunge pingu mkono mmoja tu, huu mwingine nina kazi nao."