Mtego wa Wenceslas

Jua lilikuwa linazama Théodore alipopita dukani kununua mshumaa, maana umeme wa bwawa la Tshopo siku hizo ulikuwa na maringo. Kisha akarudi ofisini. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuandika hotuba ya kumkaribisha kamishna wa Chama, kuichapa, kwenda kulala. Kesho angeisoma yeye mwenyewe mbele ya mji mzima, ndani ya suti mpya ya abakosti, na baada ya hapo nani angethubutu kumwita msaidizi?

Mlangoni alimkuta Mama Berthe amekaa chini, beseni lake la samaki limefunikwa kitambaa. Alikuwa mama yake Wenceslas, yule aliyeishika kompyuta ya kampuni kabla ya Théodore. Watu wa maporomoko ya mto hao, wavuvi tangu enzi za mababu.

«Mama, uko unafanya nini hapa? Bureau imefungwa.»

«Niko nangoya tu, papa.»

«Unangoya nani? Wenceslas alishakufa.»

«Najua alikufa. Ni mimi nilimuosha.» Mama alishusha sauti. «Lakini aliacha mutego mule ndani. Kwetu, mutego ya marehemu inaendelea kuvua mpaka watu yake waitoe. Na mimi siitoi.»

Théodore alicheka kidogo, akaingia, akajifungia kwa ufunguo.

Kompyuta ilikuwa moja tu katika kampuni ile ya kununua kahawa. Programu yake ya kuandikia ilikuwa ya kufundishika: unaipa amri ulizotunga mwenyewe, nayo inazishika. Wenceslas aliilea kama mwanawe. Aliigawa skrini madirisha mawili, moja juu na moja chini, kila moja na maandishi yake. Ila kimstari kinachopepesa hukaa katika dirisha moja tu, na unachoandika huangukia hapo kilipo, hata macho yako yakiwa kwingine. Ndiyo maana alimwambia rafiki yake Théodore kila siku: «Théo, mbele ya kuandika, uliza kwanza uko mu dirisha gani.»

Théodore alijifunza. Alijifunza vizuri mno, Mungu amlaani! Mchana mmoja Wenceslas alitoka kunywa chai. Rafiki huyo, aliyekula mboga ya pondu nyumbani kwake mara nyingi, akakaa kitini pake, akakishusha kimstari kwenye dirisha la chini palipokuwa na ripoti, akaandika mstari mmoja: *Chama ni mwizi wa mchana.* Kisha akakirudisha juu, mahali pake. Wenceslas aliporudi aliendelea na barua yake ya juu, akachapa zote mbili bila kutazama chini. Karatasi zikafika kwa mkurugenzi, Émile, aliyemjua Wenceslas tangu ujana. Mkurugenzi alisoma, akafunga mlango wake. Jioni jeep ya wanajeshi ilikuja, ikamchukua Wenceslas. Mwezi haukuisha, jamaa wakaitwa kuchukua maiti.

Sasa kiti kilikuwa cha Théodore. Alikaa.

Kilikuwa kimelowa.

Alipapasa. Maji, tena ya baridi. Akatazama dari, dari kavu, na mvua haikuwa imenyesha. Akapangusa kwa leso, akahakikisha kimstari kiko dirisha la juu, akaanza. Kama wapiga taipu wote alitazama karatasi aliyoiandika kwa mkono, si skrini. *Citoyen Commissaire, wakaaji wa Kisangani wanakusalimu...*

Shhhhh...

Alidhani ni feni ya mashine. Lakini feni haivumi hivyo. Hivyo huvuma maji yanapopiga mawe. Kisha ikaja harufu... samaki mbichi, na matope ya mto.

Akainua macho. Dirisha la juu lilikuwa tupu. Hotuba yote ilikuwa chini.

«Nilikosea tu,» alijiambia. Akafuta, akakipandisha kimstari, akaandika upya, safari hii bila kupepesa jicho. Herufi ya kwanza, juu. Ya pili, juu. Ya tatu...

Kimstari kilishuka. Taratibu, kama mtu anayeteremka mtoni kuoga.

Akakipandisha. Kikashuka tena, kikatulia chini. Na mikono ya Théodore ikiwa mapajani, herufi zikaanza kujiandika:

*théo uko mu dirisha gani*

Umeme ukakatika.

Giza. Théodore alipapasa mfukoni kutafuta mshumaa. Maji yalivuma chumba kizima. Karibu na sikio lake, karibu kabisa, mtu alipumua.

«Hii kiti... iko ya nani?»

Théodore aliruka kutoka kitini. Umeme uliporudi, kiti kilikuwa kikavu. Dirisha la chini lilikuwa jeupe. Juu, hotuba ilikuwa imekamilika hadi nukta ya mwisho. Umeme ukikatika maandishi hupotea, kila karani anajua hilo. Hata hivyo hotuba ilikuwepo, na uoga haumfundishi mtu kuuliza maswali. Aliichapa, akaisoma mstari kwa mstari chini ya taa. Hapakuwa na neno la ziada. Akatoka mbio. Mama Berthe hakuwapo tena mlangoni.

Asubuhi uwanja ulijaa. Kamishna alikaa kivulini, wanajeshi nyuma yake. Théodore alishika kipaza sauti, akakunjua karatasi. Macho yake yaliona vizuri: *Citoyen Commissaire.* Akafungua mdomo.

Baridi ikamwingia utosini. Ikashuka, taratibu, ikatulia kifuani.

«Chama ni mwizi wa mchana,» alisema.

Alijaribu kurudi kwenye karatasi, akaikazia macho, lakini sauti haikuwa chini ya amri yake tena. «Ni mimi niliandika. Wenceslas hakuandika kitu. Nilikaa kwenye kiti yake, nikaandika mimi.» Machozi yalimtiririka. Machozi tu ndiyo yaliyokuwa bado yake.

Jeep haikuchelewa. Wanajeshi waliigeuza ile karatasi mbele na nyuma, wakaikuta safi, wakamchukua vilevile. Mwosha huoshwa, na mimi sitamlilia.

Baada ya hapo hakuna aliyekubali kukikalia kile kiti, maana habari ya mtego wa marehemu ilikuwa imeenea mjini. Mkurugenzi Émile akaagiza Mama Berthe aitwe ofisini kwake, akafunga mlango.

«Mama, Théodore alishaenda. Umelipiza. Bon, alors, toa mutego yako.»

Mama Berthe alitua beseni lake sakafuni.

«Papa directeur, ile siku... nani aliita jeep?»

Émile akaitupia jicho simu. Simu ya kampuni ilikuwa moja tu, mezani pake, karibu na mkono wake.

«Mutego iko bado mu maji,» mama alinong'ona, akajitwisha beseni, akaondoka.

Mkurugenzi alitaka kuinuka amfuate, amsihi. Hapo ndipo alipohisi suruali yake imemganda mapajani.

Kiti chake kilikuwa kimelowa.