Gobore Lililopokelewa kwa Mikono Miwili

Aliyekisimulia kisa hiki kwanza ni Mama Tahera mwenyewe, mwaka 1999, jikoni kwake Shinyanga mjini, akiwaeleza wadogo zake waliotoka Tabora kwa ajili ya arusi. Tangu hapo kimesimuliwa na wengi, na wengine wameongeza ya kwao. Kuna wanaosema ilikuwa bastola ya Mjerumani. Haikuwa. Lilikuwa gobore, la kushindiliwa baruti mdomoni, nalo lilitoka Ushirombo. Ninaandika kama alivyosema yeye.

Mumewe, Irfan, alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli karibu na stesheni ya reli. Hakuwa mwindaji. Alikusanya bunduki kama wengine wanavyokusanya stempu. Zilitundikwa ukutani sebuleni, zote zina kibali, zote zimetolewa pini ya kufyatulia, na kila Ijumaa alizifuta kwa mafuta ya cherehani. Hakuwahi kufyatua hata moja.

Rafiki yake, Silvesta, alikuwa kinyume chake. Alikuwa mkulima na mwindaji wa Ushirombo, mtu wa misheni, mwenye bunduki moja tu, gobore la babu yake, na nyumba yake ilikula nyama kwa hilo. Wawili hao walikaa dawati moja sekondari. Kila Silvesta alipokuja mjini na madumu ya asali, alilala kwa Irfan.

"Bunduki zote hizi na hujaua hata panya," alikuwa akimtania. "Umeoa wajane, ndugu yangu."

"Na wewe una moja, umewamaliza wanyama wa watu," Irfan alijibu. "Zangu hazina njaa."

"Bunduki ni ya kupiga. Ukiiweka tu, inawaza."

Walicheka. Mama Tahera naye alicheka, akiwaongezea chai.

Askari wa wanyamapori walipokaza ulinzi wa pori, Silvesta aliacha kuwinda. Masika iliyofuata, mwanawe wa kwanza, Donatus, akafariki. Irfan alikwenda msibani na mchele na sukari, akaambiwa ni malaria ya ghafla. Mwaka huo huo wa 1994, wakati wa kuvuna pamba, Silvesta alifika Shinyanga bila asali. Alibeba gobore, limefungwa kwenye blanketi.

"Mimi siwindi tena," alisema. "Wewe unajua kutunza. Nakupa."

"La babu yako? Unanipa mimi?"

"Lipokee, Irfan."

Irfan alijivunia kuzijua adabu za watu wa huku kuliko wafanyabiashara wenzake. Kitu cha wazee hakipokelewi kwa mkono mmoja. Aliinama kidogo, akanyoosha mikono yote miwili. "Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma. "Limefika nyumbani. Litakaa kwangu."

Silvesta alishusha pumzi kama aliyetua gunia. Hakulala siku ile. Alisema anawahi basi.

Jambo la kwanza lilikuwa harufu. Mchana, duka likifungwa kwa ajili ya chakula na jua likiwa la utosi, sebule ilinuka baruti iliyoungua. Irfan alimwita fundi wa vyuma akaliziba gobore tundu la fataki, pale moto unapoingilia kwenye baruti, kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa.

"Haya," alimwambia mkewe, "sasa ni mwiko wa ugali."

Kesho yake harufu ilikuwa jikoni.

Kisha njiwa mmoja alikutwa uani amekufa, hana jeraha, ila doa dogo la masizi katikati ya macho. Baadaye akafa paka. Baadaye mbuzi aliyenunuliwa kwa ajili ya Idd, tumbo limejaa majani, na doa lile lile. Kila mara, kabla ya kifo, sauti ilitoka sebuleni: ka... ka..., kama nyundo ya bunduki inayovutwa nyuma polepole na mtu asiyetaka kusikiwa.

Mama Tahera aliwapanga kichwani bila kutaka: njiwa, paka, mbuzi. Kilichofuata kwa ukubwa hakukitamka.

Mchana mmoja alitoka jikoni na sinia la chapati, akasikia ka... ka..., akatazama uani, na pale katikati ya jua kali alimwona Tahera, binti yake wa pekee, wa darasa la saba, amesimama mguu mmoja umeinuliwa kidogo, shingo imenyooka, matundu ya pua yanafunguka na kufungika, macho yamekodolewa kwenye dirisha la sebule, hatikisiki, kama swala aliyesikia jani likikanyagwa na bado hajajua akimbilie wapi.

"Mama, usisogee," Tahera alinong'ona. "Upepo unatoka kwangu kwenda kwake."

"Kwake nani?"

"Huyo anayeninyatia."

Sinia lilianguka. Mama Tahera alimkumbatia mtoto, akamwingiza chumbani, na alipomfungua ushungi aliona doa la masizi kwenye kisogo. Alilisugua kwa sabuni. Halikutoka. Kesho yake lilikuwa nyuma ya sikio.

Huko Maganzo alikuwapo Bibi Mwanaima, aliyewatibu wachimbaji wa almasi. Walimpelekea Tahera na gobore pamoja. Alifukiza ubani, akanusa, akatikisa kichwa.

"Majini ya almasi nayajua, wanangu. Yanapenda kusifiwa. Huyu ni wa porini. Huyu anafanya kazi. Nani amemziba mdomo?"

"Mimi," Irfan alisema.

"Umemfungia mwenye nyumba mlango. Sasa anapita madirishani."

"Mfukuze, bibi. Nakuomba."

"Hafukuziki. Alifungwa humo na mtu wa zamani ili amsaidie kuwinda. Bunduki ikipiga porini, anakula moshi na damu, anatulia. Ikikaa kimya anawinda nyumbani. Anaanza na kidogo, anapanda. Hatupwi, hauzwi. Hutolewa na kupokelewa tu, kwa mikono miwili na neno la kukubali."

Irfan akasema kwa sauti ndogo, "Aliyenipa hakujua. Ni ndugu yangu."

"Basi mrudishie," alisema Bibi Mwanaima. "Akinyoosha mikono, hakujua."

Walifika Ushirombo kwa pikapu ya duka. Silvesta alitoka mbio kuwalaki, mikono wazi, anacheka. "Karibuni! Mama Tahera, umekonda, huyu bwana anakulisha spoku za baiskeli?" Ndipo Irfan alipoteremka na blanketi. Kicheko kilikatika. Silvesta alirudi nyuma hatua moja, na mikono yake yote miwili ikaenda mgongoni, ikakaa huko.

"Lipokee," Irfan alisema.

"Karibu kwanza ndani, ndugu yangu..."

"Silvesta. Lipokee."

Mkewe, Anisia, alikuwa anapukuchua mahindi kizingitini. Alimfukuza binti yao, Elieth, aende kisimani, ingawa ndoo zilikuwa zimejaa. Halafu akasema bila kuinua uso, "Mwambie, Baba Elieth. Mwambie Donatus alikufa namna gani."

"Uliniambia malaria," Irfan alisema.

"Ilikuwa malaria yenye harufu ya baruti," alijibu Anisia.

Silvesta alianza kulia, lakini mikono haikutoka mgongoni. "Nilizika mmoja. Amebaki Elieth peke yake. Doa lilikuwa limefika shingoni mwake. Wewe ungefanyaje?"

"Ningekuambia."

"Ungelipokea kama ningekuambia?"

"Nisingelipokea. Lakini ningekaa nawe tulitafutie njia. Umekula kwangu tangu ujana, umempakata mwanangu, halafu ukachagua nyumba yangu kwa sababu unajua mimi sipigi bunduki."

Silvesta alinong'ona, akitazama pembeni. "Kuna tajiri mmoja wa dhahabu Rwamgasa. Anapenda vitu vya kale. Mpe. Usimweleze kitu."

Irfan alitema mate chini, akarudi garini.

Njiani walipofika njia panda ya Geita, Mama Tahera alimshika mkono. Aliwaambia wadogo zake sehemu hii bila kujitetea. "Kata kushoto," alisema. "Twende Rwamgasa."

"Huyo tajiri ana watoto."

"Na mimi ninaye mmoja! Tazama uso wake, Baba Tahera!"

Tahera alikuwa amelala kiti cha nyuma na macho wazi. Doa lilikuwa juu ya nyusi. Irfan alitazama kioo, akanyoosha usukani kuelekea Shinyanga.

Fundi alilitoboa tundu la fataki. Mwindaji mwenye leseni, Januari, alimchukua Irfan porini na kumfundisha kushindilia: baruti, tambara, goroli.

"Mzee, unalishika kama unalibembeleza," alimcheka.

Irfan hakucheka. Swala alipotokea kwenye vichaka jua likiwa la utosi, aliinua gobore, na hapo alihisi pumzi ya moto sikioni, si ya Januari, kwa sababu Januari alikuwa mbele yake, na kitu kama kiganja kikavu kikamshika kiwiko, kikakisogeza juu kidogo, taratibu, kwa subira, jinsi mwalimu anavyomsogeza mwanafunzi aliyemngoja muda mrefu. Alisema Bismillahi, akafyatua.

Nyumbani, Mama Tahera alikuwa amempakata mwanawe kitandani. Ka... ka..., ilisikika sebuleni, ambako msumari wa gobore ulikuwa mtupu. Doa lilikuwa katikati ya macho ya Tahera. Alilifunika kwa kiganja, akayafumba macho yake mwenyewe. Hakusikia mlio. Moshi wa baruti ulijaa chumbani mpaka akakohoa, kisha ukatoka dirishani wote kwa mara moja, kama mtu aliyeitwa. Tahera alilegeza shingo. Alipoondoa kiganja, kilikuwa cheusi, na uso wa mtoto ulikuwa safi.

Irfan alirudi na nyama, akala, ingawa nyama ya porini ilimchefua. Zile bunduki nyingine alizikabidhi polisi. Kila mwaka kabla ya mvua alikata kibali, akaenda kupiga. Jina la Silvesta hakulitaja tena. Silvesta alipotuma asali, dumu lilirudishwa na basi lile lile, bila kufunguliwa.

Irfan alifariki mwaka 2006. Bibi Mwanaima alitangulia. Januari simjui alipo. Mama Tahera yu hai, haoni vizuri. Anisia yu hai. Silvesta yu hai, mzee sana, na wanaotoka Ushirombo wanasema analala usingizi mzuri. Elieth yu hai, ana watoto wanne. Tahera yu hai. Kibali cha gobore kina jina lake, na kila mwaka anakwenda porini. Hakuzaa, kwa kutaka mwenyewe.