Usimtaje Mama Yako kwa Tatang

"Ukimtaja mama yako mezani kwa baba yangu, Rommel, mimi na wewe basi."

Jovelyn aliyasema hayo huku akichambua miba ya samaki wa kuchoma, wala hakuinua macho. Walikuwa Dagupan, kwenye kijimgahawa nyuma ya soko la samaki. Rommel ndiyo kwanza alikuwa ameonja tonge la kwanza na kutamka yale yale ya siku zote: samaki mtamu, ila Ima, yaani mama yake, angemjaza nyanya na vitunguu zaidi tumboni.

"Mpenzi, mimi nimesifia."

"Umesifia ukatia ila. Tangu tutoke San Fernando, kila tunaposhuka basi tukala, Ima yupo mezani. Nimechoka kula tukiwa watatu."

Sasa, Rommel ni mtu wa Pampanga, na inasemekana hakuna wapishi kama Wapampanga katika visiwa hivi vyote vya Ufilipino. Wanaoongoza kulisema hilo ni wao wenyewe. Lakini mkweli ampe haki yake: ni yeye aliyetaka wapande kaskazini hadi Ilocos polepole, mji kwa mji, wakila wanapokula madereva, na hajapata kuketi kabla ya kumwamkia mpishi. Jovelyn alimpendea hilo. Ile "ila" ndiyo iliyomnyima usingizi, maana alishaanza kuwaza ndoa, na akajiona miaka na miaka jikoni, kila chungu anachoinjika kinapimwa kwa chungu cha mkwe.

Na safari hii ilikuwa inaishia Narvacan, kwao Jovelyn, ambako Rommel hakuwahi kufika. Baba yake, Tatang Fausto, ana mgahawa kando ya barabara kuu. Anauza papaitan, supu ya utumbo wa mbuzi iliyotiwa nyongo yake, na mwiko wa sufuria hiyo hamwachii mtu.

"Naapa," Rommel akasema. "Nitakula, nitanyamaza."

"Na ukiulizwa?"

"Nitasema tamu."

"Papaitan ni chungu. Uchungu ndiyo sifa yake."

"Basi nitasema chungu."

Walifika kesho yake mchana. Nanang Purita, mama yake Jovelyn, aliwapokea kwa bashasha. Tatang aliitikia kwa kichwa tu. Tangu asikie binti kampata Mpampanga, alikuwa akimwambia mkewe kwamba watu wale hula kwa mdomo na kujisifu kwa mdomo huo huo. Hata hivyo alimwekea mgeni bakuli kwa mkono wake mwenyewe, akaketi kumtazama.

Kijiko cha kwanza kilimkunja Rommel uso. Cha pili kilimtoa jasho. Akaendelea, kijiko juu ya kijiko, mpaka akainamisha bakuli na kulimaliza.

"Vipi?" Tatang akauliza.

"Chungu, Tatang."

"Inavyotakiwa."

Angekomea hapo, wala nisingekuwa na la kusimulia. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Ila Ima angepunguza nyongo kidogo."

Jovelyn akaweka kijiko chini.

"Ondoka."

"Jove, imenitoka tu..."

"Nenda kwa Ima. Mabasi ya kurudi yanapita hapo nje. Mimi siolewi niwe wa pili jikoni kwangu mwenyewe."

Rommel aliwaomba radhi wazee, akachukua begi lake, akatoka huku wali wa wenzake ungali kwenye sahani.

Kwetu, mtu akiinuka katikati ya chakula kwenda safari, wanaobaki huzungusha sahani zao mezani ili njia imfikishe salama. Nanang alizungusha yake mara moja. Tatang naye akazungusha.

"Hata wewe, Baba? Si amekudharau?"

"Ulimi wake mrefu, sikatai. Lakini tazama bakuli hili. Wateja wangu wa miaka mingi hubakiza, yeye kalilamba." Akamsogezea alione. "Zungusha sahani, mwanangu. Barabara ya huko ina kona."

Jovelyn alikunja mikono. Kisha akazifikiria zile kona, na yule mpumbavu wake na begi lake, akiendelea kuwaamkia wapishi wa watu bila yeye pembeni. Akaizungusha sahani huku analia, wala hakuona haya. Alikuwa anampenda, basi.

Akamwandikia: "Umefika wapi?"

Jibu likaja papo hapo: "Kituoni. Basi limepita, sijapanda."

Akapiga.

"Kwa nini hukupanda?"

"Nilikuwa kwenye simu."

"Na nani?"

"Na Ima."

"Kwaheri."

"Usikate, nakuomba. Nimemwambia leo nimekula kitu ambacho yeye hajui kupika. Nimemwambia ile ila yangu ni mazoea tu, tangu nizaliwe sijakaa mezani bila kumtaja. Na kwamba kwako nataka nikae mimi kama mimi."

"Akasemaje?"

"Kakata simu."

Kicheko kilimtoka Jovelyn katikati ya machozi. "Umemuua mama wa watu."

"Halafu kaleta ujumbe. Nikusomee?"

"Soma."

"'Afadhali umekua. Mwombe binti msamaha. Na hiyo nyongo, baba yake anaitia mwanzo au mwisho?'"

Jovelyn akamgeukia baba yake, akamuuliza swali kama lilivyokuja. Tatang alifikiri, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Mambo haya hayaelezwi kwenye simu," akasema. "Mwambie mama yake aje aone."

Nanang aliacha kutafuna. Huku kwetu mama wa kijana haalikwi nyumbani kwa binti kwa ajili ya supu. Akialikwa, anakuja kuposa.

"Rommel," Jovelyn akasema. "Rudi ndani. Tatang anasema Ima aje."

"Aje... kuposa?"

"Ndiyo, bwana. Aje."